Nta Juu ya Rezista

Gari likija kwako indiketa inapepesa mbio kama jicho lililoingiwa na mchanga, usifungue boneti. Usiguse waya. Hesabu. Indiketa nzima inawaka na kuzima mara moja na kidogo kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekwenda sokoni bila haraka. Ikipiga mara mbili na zaidi, gari linakuambia jambo. Mimi nahesabu kushoto, halafu kulia, halafu narudia pande zote mbili, kwa sababu hesabu ya kwanza huwa naifanya huku namsikiliza mwenye gari, na mwenye gari siku zote ana maneno mengi kuliko gari lake.

Nimefanya umeme wa magari hapa Singida mjini mpaka macho yakakataa kutofautisha rangi. Siku hizi waya wa kahawia na waya mwekundu kwangu ni mapacha, na fundi wa namna hiyo anatakiwa akae nyumbani. Nimekaa. Nawaandikia ninyi mnaoanza kushika testa ya kupimia umeme, wala si kwa kuwa nilikuwa hodari. Kazi za hodari zinaondoka na hazirudi, hana la kusimulia. Mimi zangu chache zilirudi, na moja ilirudi na nyuki.

Lakini nianze na Mzee Ntandu, maana ndiye aliyenifundisha mazuri na lile moja baya. Alikuwa fundi umeme wa malori pale Shelui, njia ya Nzega. Nilipokwenda kuomba kujifunza nilimpelekea jogoo. Akamgeuza, akampapasa kifua, akaniuliza kama najua umeme unakwendaje. Nikasema sijui. Akasema umeme una chanya na hasi, jogoo peke yake hawashi kitu, nirudi na tetea. Nilibishana naye nusu saa. Nilirudi na tetea.

Wiki ya kwanza tu akaniachia lori lenye indiketa ya mbio. Nikafungua dashibodi yote. Nikatoa flasha, kile kidude kinacholia tiki-tiki chini ya usukani, nikakikagua kama daktari. Nikafuata waya mpaka adhuhuri. Mzee Ntandu alikuwa anakula muhogo akinitazama. Alipomaliza akaenda nyuma ya lori, akafuta tope kwenye taa kwa kidole gumba. Ndani balbu ilikuwa imeungua, nyeusi kama punje ya alizeti. Akanifutia kidole shatini mwangu na kurudi kwenye muhogo wake.

Kwa hiyo, wanangu, zungukeni gari kwanza. Mara mbili. Balbu ya mbele, ya nyuma, na ile ndogo ya ubavuni ambayo hata mwenye gari hajui kama anayo.

Kwa nini balbu ikifa zilizobaki zinakimbia? Mzee Ntandu alinieleza kwa mashine ya kukamua alizeti, na sijasikia maelezo bora. Mmeiona mashine ikila mbegu: inanguruma taratibu, ina kazi mdomoni. Gunia likiisha, inapiga kelele na kukimbia yenyewe, haina cha kutafuna. Flasha za zamani ndivyo zilivyo. Mzigo wake ni balbu. Balbu zote zikiwa nzima inatafuna kwa mwendo wake. Moja ikifa mzigo unapungua, inakimbia. Na ilitengenezwa hivyo makusudi, ili dereva aliyeketi mbele ajue kuna taa imekufa nyuma bila kushuka.

Si kila mbio ni balbu, hata hivyo. Kuna bwana mmoja wa vitunguu alikuja kwangu, taa zote zinawaka lakini indiketa ya kushoto inakimbia, na ya nyuma ina mwanga hafifu. Nilimbadilishia flasha. Akarudi. Nikabadilisha tena, maana nilishaamua kosa liko kwenye flasha, na mtu akishaamua ni vigumu kumnyang'anya uamuzi wake. Siku ya tatu ndipo nikatoa soketi ya taa ya nyuma, nikakuta ukungu wa kijani. Nikaugusa kwa ncha ya ulimi. Msiige hilo, lakini mimi niliugusa, na ulikuwa wa chumvi. Bwana alikuwa anaosha gari lake ziwani Kindai kila Jumapili, kwa sababu maji ya pale hakuna anayeyalipia. Chumvi ilikuwa imekula ethi, yaani pale umeme unaporudi kwenye bodi ya gari. Umeme usiporudi vizuri, balbu hailishwi vizuri, na flasha inaona mzigo umepungua. Nilisugua kwa msasa, nikafunga upya, indiketa ikatulia. Akaniuliza hizo flasha mbili zilikuwa za nini. Nikamwambia zilikuwa za kujifunzia. Akataka kujua nani alikuwa mwanafunzi.

Sasa balbu za LED. Zilipoingia mjini kila dereva alizitaka: kali, nzuri, hazili umeme. Hapo kwenye kutokula umeme ndipo penye ugomvi. Ile mashine ya alizeti imezoea gunia zima, wewe unaipa kiganja cha mbegu. Taa mpya, zote nzima, na indiketa inakimbia kama zote zimekufa. Dawa mojawapo ni rezista. Ni kipande kidogo, mara nyingi kina ganda la bati lenye mapezi, nyaya mbili, hakina chanya wala hasi. Unaunga waya mmoja kwenye waya wa indiketa na mwingine kwenye ethi, pembeni ya balbu; usikate waya wa balbu ukaiweka katikati. Ukiiweka katikati balbu itafifia na mbio haziponi. Kazi ya rezista ni kula umeme bila kuzaa mwanga, ili flasha idhani balbu ya zamani bado ipo. Na umeme ulioliwa hauendi mbinguni. Unakuwa joto. Mashudu, yale makapi ya alizeti, yanatokaje kwenye mashine? Ya moto. Nililijua hilo tangu Shelui.

Nililijua, na bado nikafanya nitakayowaeleza.

Mama Eliza alikuwa muuguzi mstaafu, mwenye mchomoko mmoja, vile vigari vidogo vinavyochukua abiria wa vijijini. Wake ulikuwa unakwenda Mtinko na kurudi, na dereva wake alikuwa Shabani, kijana mtulivu mwenye watoto wawili, ambaye hakuwahi kuniomba nipunguze bei bila kwanza kunijulia hali. Mama Eliza alikuwa na masharti mawili juu ya gari lile, na mji mzima uliyajua. La kwanza, asali isipakiwe. Dereva aliyetangulia alipakia ndoo ya asali kwa siri, ikamwagika, nyuki wakalifuata gari kwa wiki nzima, na dereva huyo akaondoka kwa miguu. La pili, gari lisitobolewe.

Shabani alileta gari niweke LED nyuma, na Mama Eliza akaja naye kuhakikisha. Nilimwambia rezista inafungwa kwa skrubu kwenye chuma ili chuma kinyonye joto, kwa hiyo nahitaji matundu mawili kila upande. Akakataa. Nikashuka hadi tundu moja. Akakataa. Nikamwambia hata nusu tundu, nitaminya tu.

"Nusu tundu ni tundu, fundi. Gari langu si chujio."

Nilipaswa kumwambia basi tuweke flasha mpya ya LED, ambayo haihitaji rezista kabisa. Siku hiyo sikuwa nayo, iliyokuwepo ilikuwa kwa jirani yangu fundi, na mimi na jirani hatukuwa na mazungumzo mazuri. Kwa hiyo nikatumia ujanja wa Shelui.

Mzee Ntandu alikuwa na desturi ya kupaka nta ya nyuki kwenye kila kiungo cha waya chini ya lori. Tulikuwa tunaipata kwa watu wa asali wanaotoka upande wa Manyoni, madonge ya kahawia, bado yenye harufu na mabaki ya asali. Vumbi haliingii, maji hayaingii. Kwenye waya baridi hakuna kitu bora. Nilipaka nta maisha yangu yote, mkono ulikuwa unajipeleka wenyewe. Siku ile nilichovya vitambaa kwenye nta iliyoyeyuka, nikaviringisha kila rezista kama mtoto mchanga, nikazibandika nyuma ya plastiki ya buti la mizigo, moja kulia, moja kushoto. Bila tundu hata moja. Nikawasha indiketa, nikahesabu. Sawasawa. Nikahesabu tena. Sawasawa. Nilihesabu mapigo; joto sikulihesabu.

Kama wiki mbili zikapita. Shabani akapata pancha njia ya Mtinko, jeki ikawa inazama mchangani, akawasha hazadi, indiketa zote nne pamoja, karibu saa nzima. Hivyo ndivyo dereva mwenye adabu anavyofanya. Kesho yake asubuhi gari likiwa stendi, abiria wameshajaa, nyuki wakaanza kuingia, mmoja mmoja, halafu si mmoja mmoja tena. Abiria walitoka kwa milango yote. Bibi mmoja aliacha viatu. Mama Eliza aliitwa, akafungua buti, akapitisha kidole kwenye zulia, akanusa. Akanyoosha mkono apewe funguo.

Shabani alikuja kwangu siku hiyohiyo kwa miguu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Gari liko wapi?"

Akanieleza. Mama anasema amepakia asali. Yeye hajapakia asali. Mama ameita kikao nyumbani kwake Alhamisi, mwenyekiti wa stendi atakuwepo, na ikiamuliwa kwamba alibeba mzigo wa pembeni, usukani umekwenda. Na si ule tu. Mwenye gari gani Singida atampa funguo dereva aliyefukuzwa kwa kupakia mzigo wa siri kwenye buti? Nikamuuliza huo uchafu uko sehemu gani. Akasema ajabu ni kwamba upo pembeni tu, kulia na kushoto, karibu na taa, katikati ni safi.

Hapo nilijua. Sikuhitaji kufungua kitu.

"Mzee, wewe ulifungua pale nyuma," akaniambia. "Uliona asali?"

"Sikuona asali."

Lilikuwa jibu la kweli, na ni jibu baya kuliko yote niliyowahi kutoa kwenye kazi hii. Akashukuru. Akaniomba nije Alhamisi niseme hilohilo mbele ya mama. Nikakubali. Siku mbili zile nilijitengenezea hesabu nzuri: nikija niseme sikuona asali, kijana atapona, na jina langu litapona, hakuna aliyepoteza. Nilizipiga mara mbili, zikatoka vilevile. Hesabu ikitoka vizuri sana, wanangu, angalieni nini mmeacha kuandika.

Alhamisi tulikaa kibarazani kwa Mama Eliza. Gari lilikuwa uani, buti wazi. Chai ilitolewa, hakuna aliyeinywa. Mwenyekiti wa stendi akanipa nafasi. Nikasema nilifungua gari hili wiki mbili zilizopita na sikuona asali.

Mama Eliza akanitazama kama mtu anayesoma kipimajoto.

"Wiki mbili zilizopita hata mimi sikuiona. Hii ya juzi imetoka wapi, fundi?"

Nikageuzageuza kikombe changu cha chai. Mwenyekiti akamgeukia Shabani, akamwambia kijana sema tu, mama ni mtu mzima, ukikiri anaweza kukusamehe.

"Siwezi kukiri nisichokifanya," Shabani akasema. "Lakini na mimi nikiwa mama, ningeamini hivyohivyo. Tafuta dereva mwingine, mama. Sina ugomvi."

Akainuka. Nadhani angepiga kelele ningeendelea kunyamaza. Mtu anayepiga kelele anakupa pa kujificha.

"Kaa, Shabani," nikasema. "Si asali, ni nta. Na nta ni yangu."

Sasa sikilizeni jambo ambalo sikulitegemea. Hawakuniamini. Mwenyekiti alitabasamu. Mama Eliza akasema anaheshimu uzee wangu, lakini anaona wazi mimi na kijana tumepatana, nimekuja kumbebea mzigo. Nikaapa. Akasema watu wa kuapa amewaona wodini miaka mingi. Maisha yangu yote nimebishana nipunguziwe. Siku ile nilibishana niongezewe lawama, na sikuwa nimezoea.

Nikaomba bisibisi. Nikaenda kwenye gari, nikatoa plastiki ya buti upande wa kulia, wakasogea. Kitambaa changu kilikuwepo. Kilikuwa cha shati langu la kazi, na kifungo bado kimeshika. Kilikuwa kimeungua katikati, kahawia mpaka nyeusi. Nikamwomba Shabani awashe hazadi. Nilikuwa nimebakiwa na donge la nta mfukoni, maana fundi wa Shelui haachi nta nyumbani. Nikavua kile kitambaa, nikaweka kipande cha nta juu ya rezista ikiwa wazi, tukasubiri. Tiki, tiki. Mwenyekiti akaangalia saa. Dakika chache tu nta ikaanza kung'aa, ikalegea, ikateleza kwenye chuma na kudondoka zuliani, mahali palepale penye alama. Harufu ya asali ikajaa buti. Nyuki wa kwanza alifika kabla sijazima.

Mama Eliza hakumtazama nyuki. Aliinama akaangalia nyuma ya rezista. Plastiki ya bodi ilikuwa imepinda kwa joto, na waya uliopita pale ganda lake lilikuwa laini kama uji wa asubuhi. Kiganja kimoja kutoka hapo ndipo unapopita mpira wa kujazia mafuta ya tangi.

"Huwa wanakaa watu wangapi humu?" akaniuliza.

"Wanane. Na watoto mapajani."

Akanyoosha mgongo. "Asali ningeiosha kwa maji ya moto, fundi."

Alitoa funguo mfukoni mwa khanga yake, akaziweka mkononi mwa Shabani, akakikunja kiganja chake kwa mikono yake miwili. Akamwambia amuwie radhi. Mimi akaniambia gari lote la kwake sasa nimepewa ruhusa kulitoboa, mradi nihakikishe haliwaki.

Sikulitoboa. Nilikwenda kwa jirani yangu fundi, nikamweleza yote yaliyotokea, akacheka mpaka akakaa chini, akanipa flasha ya LED. Nilitoa rezista zote mbili, nikaweka flasha ile, waya ulioungua nikaubadilisha wote, sikuuzungushia tepu. Kwa hiyo chukueni hili: kama gari lina flasha ya kuchomoa, badilisha flasha. Kama halina, kama mambo yake yako kwenye kompyuta, tumia rezista, lakini funga kwenye chuma kitupu, mbali na plastiki, mbali na waya, mbali na zulia, na usiivike nguo yoyote. Kabla hujamkabidhi mwenye gari, washa hazadi robo saa, kisha usogeze mkono karibu uone joto linakwenda wapi. Usiiguse. Na mwambie dereva kwamba kwa njia zote hizi mbili umeliziba gari mdomo. Balbu ikifa indiketa haitakimbia tena kumwambia, ni lazima azunguke aangalie mwenyewe kila asubuhi.

Shabani alibaki na gari lile mpaka Mama Eliza alipoliuza, na aliyenunua akamchukua yeye pamoja na gari. Hakunisema popote. Nilingoja nisikie stendi wakinicheka kwa habari ya nta, sikusikia, mpaka nilipoisimulia mwenyewe. Aliendelea kuniletea gari, kila mara na shikamoo yake, akinijulia hali kwanza kabla ya kuomba apunguziwe bei.

Ila kabla ya hapo alikuwa akileta gari, ananiachia funguo, anakwenda kunywa chai kwa mama ntilie, anarudi nikimwita. Baada ya Alhamisi ile hakwenda tena. Alisimama nyuma ya bega langu, mikono mgongoni, kimya, akiangalia kila waya mpaka kifuniko cha mwisho kirudi mahali pake. Miaka yote iliyobaki alisimama hivyo. Na mimi, wanangu, sikumwambia hata mara moja aende akanywe chai.